Kuwakutanisha vijana wa Kiorma na Kipokomo wazungumze: mwongozo kwa anayeanza

Walimu, maustadhi, wachungaji na viongozi wa vikundi vya vijana huko Tana Delta, pwani ya Kenya, huuliza maswali yaleyale kila wanapotaka kuwakutanisha vijana wa pande mbili. Niite wangapi? Tukae wapi? Nianze na nani? Na wakianza kurushiana maneno, nifanyeje? Majibu ni haya hapa. Nimeyaandika nikiwatazama Waorma na Wapokomo wa Mto Tana. Anayefanya kazi Bonde la Kerio kati ya Wapokot na Wamarakwet, au Ituri, Kongo, kati ya Wahema na Walendu, atabadilisha majina ya watu na ya mazao, lakini mpangilio utamfaa.

Kabla ya yote, elewa unachotafuta. Vijana hawa hawana mamlaka ya kupatanisha jamii, na usiwabebeshe mzigo huo. Unachotafuta ni kwamba kila mmoja amsikie kwa masikio yake rika lake wa upande wa pili, kisha arudi nyumbani salama akiwa na la kusema. Siku za mkutano ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa iko kabla ya kukutana na baada ya kuachana, na ndiko watu wengi wanakokosea.

Ugomvi wenyewe kwa ufupi

Wapokomo hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kandokando ya mto. Waorma, pamoja na Wawardei, hufuga ng'ombe, na kiangazi kikikaza hushuka deltani kutafuta maji na majani. Njia ya mifugo kufikia mto huitwa malka. Shamba likiziba malka, au ng'ombe wakilishwa shambani, watu huumizana. Mwaka 2012 ugomvi huo uligeuka mauaji. Tarehe 22 Agosti watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Septemba zikafuata Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba ikawa Kipao. Waliokufa walipita 100, na maelfu walihama makwao.

Vijana utakaowaita leo walikuwa wadogo mno wakati huo. Hawakumbuki 2012. Wamesimuliwa, na kila nyumba ilisimulia upande wake. Jambo hili litarudi tena na tena katika hatua zinazofuata.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Vijana 16 hadi 20 wa miaka 15 hadi 17, nusu kwa nusu. Katika kila upande, wasichana wawe sawa na wavulana.
- Wawezeshaji wanne: kutoka kila upande mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wote wakiijua vizuri lugha ya kwao.
- Mshauri nasaha mmoja atakayekuwapo muda wote. Akikosekana, ahirisha mkutano.
- Mahali pasipo pa upande wowote. Shule ya bweni wakati wa likizo au kituo cha mafunzo mjini Malindi vinafaa. Usichague msikiti wala kanisa, wala kijiji cha mmoja wao.
- Ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, moja ya kuhudhuria na nyingine ya picha. Hawa ni watoto kisheria, kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya 2022, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda pia picha na taarifa zao.
- Barua ya kuwajulisha machifu wa pande zote mbili na naibu kamishna wa kaunti.
- Karatasi kubwa, kalamu nene za wino, mpira mmoja, vyandarua.
- Fedha za nauli, chakula na malazi. Tenga theluthi moja ya bajeti kwa ajili ya miezi itakayofuata, na usiiguse hata kama chakula kimepanda bei.

Kuhusu wakati: siku za mwanzo za likizo ya Aprili, kabla ya masika kukata barabara, ndizo ninazozipenda. Agosti mifugo huwa imeanza kushuka mtoni na watu wana wasiwasi. Angalia pia Ramadhani imeangukia wapi, na uepuke miezi ya kampeni za uchaguzi.

Hatua ya 1: Anza na wazee, kisha akina mama

Wapokomo wana baraza lao la wazee, Gasa. Waorma wana lao, matadheda. Nenda kwa kila baraza peke yake na useme waziwazi kwamba vijana watazungumza tu, na hawatakubaliana lolote kuhusu ardhi wala malka. Mzee akishuku kwamba watoto watatia saini kitu cha kuuza haki ya ukoo, hatakuachia hata mmoja, na atakuwa na sababu ya kukataa.

Ukitoka kwa wazee, nenda kwa akina mama. Mzee anaweza kukubali barazani na mama akamficha mtoto asubuhi ya safari. Mama anataka kujua binti yake atalala wapi, nani atapika, nani atakaa mlangoni usiku, na atapiga simu namba gani akiota vibaya. Mpe majibu hayo yote, na umwonyeshe mwezeshaji wa kike atakayelala bweni moja na wasichana.

*Onyo:* usiuite "mkutano wa upatanisho". Jina hilo linamwambia aliyefiwa kwamba unakwenda kusamehe kwa niaba yake.

Hatua ya 2: Chagua vijana wenye njia za kukutana

Chifu atakupa orodha upesi, na ndani yake mtakuwa na watoto wa wakubwa na wanafunzi wanaozungumza vizuri mbele ya wageni. Chukua wawili watatu, wengine watafute mwenyewe. Tafuta kijana aliyeacha shule anayechunga ng'ombe za babake, msichana anayepeleka maziwa sokoni Garsen, na kijana anayelala shambani kulinda mpunga. Hao ndio wanaokutana na upande wa pili njiani na mtoni, na ugomvi ukianza ndio wanaotumwa.

Kila kijiji kitoe angalau wawili. Kijana anayerudi peke yake kijijini baada ya kukaa na "wale" atakuwa na kazi kubwa mno ya kujieleza. Wakiwa wawili, watasaidiana.

Katika mazungumzo ya faragha, uliza kama kuna mtu wa nyumbani kwao aliyeuawa. Humuulizi ili umwondoe kwenye orodha. Mshauri nasaha anapaswa kujua mapema nani amebeba nini.

Hatua ya 3: Andaa kila upande peke yake

Hatua hii ndiyo hurukwa kuliko zote, na mikutano mingi huharibika kwa sababu yake. Kaa na kila kundi mara mbili kabla halijakutana na lile jingine, nusu siku kila mara, huko huko kwao.

Kikao cha kwanza waache waseme kila kitu, hata maneno makali. Uliza mambo matatu: unaogopa nini kuhusu mkutano huu, ungependa wenzako wa upande ule wajue nini kuhusu maisha yako, swali gani ungependa kuwauliza, ila unaona haya. Andika majibu bila majina na uyatunze, kwa sababu utayahitaji siku ya pili.

Kikao cha pili wafundishe kutenganisha maneno matatu: *niliona, niliambiwa, nadhani*. Wape zoezi. Kijana asimulie kisa cha ng'ombe kuingia shambani, na wenzake wainue mkono kila anapovuka kutoka neno moja hadi jingine. Wataanza kwa kucheka. Baadaye watagundua wenyewe kwamba karibu yote wanayoyajua kuhusu 2012 yako chini ya *niliambiwa*. Usiwaambie ugunduzi huo, waufikie wenyewe. Wala usiwaache wafikiri kwamba waliyoambiwa ni uongo, maana waliowasimulia walizika watu wao.

Siku hiyo hiyo tungeni masharti: hakuna kumkatiza mwenzako, hakuna kupiga picha wala kurekodi, na ya mkutanoni hayatajwi na jina la aliyeyasema. Eleza pia mpaka wa siri. Kijana akisema kwamba anadhulumiwa nyumbani, au kwamba kuna shambulio linapangwa, utalazimika kumweleza anayeweza kusaidia. Wapatie namba 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto nchini Kenya.

Hatua ya 4: Amua suala la lugha mapema

Wengi husema, "Tutatumia Kiswahili, ni cha wote." Si cha wote kwa kipimo sawa. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na kijana wa Kipokomo hukizungumza bila kufikiri. Kiorma ni lugha ya Kikushi, na kijana wa Kiorma aliyekaa muda mrefu malishoni kuliko darasani atahangaika. Mwisho wa siku upande mmoja utakuwa umesema maneno mengi na mwingine machache, na watu watadhani hao wa pili hawana la kusema, au wanaficha.

Basi weka sharti kwamba kila mtu aseme kwa lugha inayomtoka kwa urahisi, na mwezeshaji atafsiri yote bila kufupisha na bila kulainisha. Mkutano utakwenda polepole, na mwendo huo unasaidia: mtu aliyekasirika hupata muda wa kupumua tafsiri ikiendelea.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, fanyeni kazi

Wafike kwa magari tofauti lakini kwa wakati mmoja, ili upande mmoja usiwe wenyeji na mwingine wageni. Wagawe mara moja katika makundi mchanganyiko ya kazi: kuchota maji, kupika, kutandika vitanda na kufunga vyandarua. Ugomvi usitajwe hadi kesho. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakuondoi chuki. Watu huhitaji kuwa sawa, kuwa na kazi moja, na kuungwa mkono na wakubwa wao. Nadharia ya mwongozo huu inaishia hapo.

Chakula kiwe halali kwa Mwislamu, na mnyama achinjwe na Mwislamu. Usipange samaki kila mlo, kwa kuwa vijana wengi wa wafugaji hawakumzoea. Tenga nafasi za swala na, kama mkutano unapita Jumapili, za ibada. Usiseme popote kwamba huu ni ugomvi wa Waislamu na Wakristo. Wapokomo wa juu ya mto wengi wao ni Waislamu, na ukilisema hilo utakuwa umeleta ugomvi mpya.

*Onyo:* mpira uchezwe, lakini timu zichanganywe. Waorma dhidi ya Wapokomo uwanjani, mbele ya refa mmoja na penalti moja yenye utata, ni kosa ambalo hutaweza kulirekebisha jioni.

Hatua ya 6: Siku ya pili, mazungumzo

Asubuhi, chora mstari mrefu kwenye karatasi zilizounganishwa ukutani na uwaombe waandike matukio ya maisha yao wenyewe. Anza na waliyoyaona kwa macho yao. Wataandika mafuriko ya 2018, ukame wa 2020 hadi 2023 uliomaliza ng'ombe, na mafuriko ya Novemba 2023. Waache wasimulie kwa utulivu. Maji ya Tana hayakuchagua boma wala shamba, na mara nyingi hapo ndipo kijana mmoja humsikia mwingine akisimulia usiku uleule aliokesha yeye.

Ndipo mrudi nyuma hadi 2012. Kila upande uandike wenyewe, na mahali pote patajwe. Orodha yenye Riketa na Kilelengwani, walikouawa Waorma, bila Chamwanamuma, walikouawa Wapokomo, au kinyume chake, itafunga midomo ya nusu ya chumba hadi jioni. Kumbusha: *niliona, niliambiwa, nadhani*. Mwezeshaji asisahihishe idadi ya waliokufa wala kuhukumu nani alianza. Idadi zikipingana, ziandikwe zote mbili.

Mchana, wakae wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, na mwezeshaji karibu. Mmoja aseme kwa dakika tano. Mwenzake asijibu, bali arudie alichosikia mpaka aliyesema akubali: "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Kisha wabadilishane. Kijana wa Kiorma atasema, "Mmelima mpaka ukingoni, ng'ombe wetu wanywe wapi?" Wa Kipokomo atasema, "Mpunga ulioliwa usiku mmoja ndio ulikuwa karo yangu." Kurudia maneno hayo kwa kinywa chako mwenyewe, bila kuyajibu, ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Wengine watashindwa mara ya kwanza. Wape nafasi ya pili.

Baadaye leta yale maswali ya aibu uliyoyatunza, yasomwe bila majina, na anayetaka ajibu.

Funga mapema. Baada ya saa kumi jioni usifungue jambo zito, maana hutapata muda wa kulifunga kabla ya kulala.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, ramani na safari

Katika makundi mchanganyiko, wachore ramani ya eneo lao: mto, mashamba, malka, visima, shule, njia. Hawatafuti suluhisho. Lakini wakichora pamoja wataona ni wapi hasa njia zinapishana, na mara nyingi wao huzijua kuliko wakubwa. Ramani ibaki yao. Usiipeleke ofisi yoyote bila ridhaa yao na ya wazee.

Saa zilizobaki zote ziwe za kujiandaa kurudi. Kila kijana afanye mazoezi ya kujibu maswali atakayoulizwa: "Walikupa nini?" "Umetusaliti?" "Wamekubali kwamba wao ndio walioanza?" Mwenzake aigize baba, kaka, au rafiki mwenye hasira. Jibu zuri huwa fupi na la kweli: "Niliwaambia yaliyotupata, wakasikiliza. Nami nikawasikiliza."

*Onyo:* usigawe fulana zenye maneno ya amani. Kijana akishuka bodaboda kijijini nayo kifuani, kila mtu anajua alikokuwa na alikuwa na nani, kabla hajafungua mdomo.

Hatua ya 8: Warudishe, kisha uwafuate

Seeds of Peace, shirika lililoanza mwaka 1993, kwa miaka mingi limewapeleka vijana wa Kiisraeli na Kipalestina kwenye kambi huko Maine, Marekani. Kambini wengi huwa marafiki. Wakirudi hukuta vituo vya ukaguzi, vita, na wenzao wa shule wanaowaita wasaliti. Kwa watu wa Tana umbali ni mfupi zaidi, lakini jambo ni lile lile.

Ndani ya wiki ya kwanza, mwezeshaji wa kila upande atembelee kila nyumba. Azungumze na mzazi kwanza, halafu na kijana. Rudi kwa Gasa na matadheda, uwaeleze yaliyofanyika bila kutaja nani alisema nini. Baada ya mwezi, kila kundi likutane peke yake. Baada ya miezi mitatu, wakutane wote kwa siku moja wakiwa na kazi ya kufanya: kupanda miti shuleni, kukarabati kisima, mashindano ya timu mchanganyiko. Ile theluthi ya bajeti ni ya kazi hii.

Mambo yakienda kombo

*Wote ni wapole mno na wanasema "sisi ni ndugu".* Wanakuogopa, au wanaogopana. Rudi kwenye maswali yasiyo na majina. Ikishindikana, tenganisha pande kwa saa moja na uulize nini kinazuia.

*Kijana anatoka kwa hasira.* Mwezeshaji wa upande wake amfuate, wengine wapumzike. Asirudishwe kwa kushikwa mkono wala kwa kuombwa mbele ya watu. Akitaka kukaa jikoni hadi jioni, akae.

*Mmoja analia na hanyamazi.* Mshauri nasaha amchukue kando. Usiwaache wenzake wamzunguke kumtazama, na asiombwe kamwe kusimulia tena "ili wengine wajifunze".

*Wasichana wamenyamaza.* Tenga kikao cha wasichana peke yao wa pande zote mbili, pamoja na wawezeshaji wa kike. Mara nyingi wana mambo ambayo hayakutajwa kabisa, kama hofu ya njia ya kwenda kuchota maji.

*Mfadhili anataka picha za kushikana mikono.* Mpe picha za ramani au za mikono inayoandika, zisizoonyesha uso. Akishikilia nyuso, mwonyeshe barua za ridhaa na ukatae.

*Kundi lao la WhatsApp limejaa video za mauaji.* Kubalianeni mapema kwamba kundi lina wasimamizi wawili, mmoja kila upande, na kwamba video ya aina hiyo inafutwa kabla ya kujadiliwa. Wengine hawana simu, kwa hiyo usitegemee kundi hilo kwa jambo lolote muhimu.

*Habari za shambulio zinafika katikati ya mkutano.* Usizifiche, watazipata. Hakikisha kwanza kwa chifu ni kweli na ni wapi. Waambie wote kwa wakati mmoja, kwa lugha zote mbili, kisha kila upande ukae na wawezeshaji wake. Kila kijana apige simu nyumbani. Asiyetaka kuendelea asishawishiwe. Asirudishwe mtu yeyote mpaka njia iwe salama, hata kama mtalala siku mbili zaidi, na magari yaondoke tofauti, kila moja likiwa na mtu mzima wa upande huo ndani.

*Miezi mitatu imepita na waliokuja ni wachache.* Watafute waliokosekana mmoja mmoja kabla ya kuwalaumu. Huenda mmoja amehamia malishoni, mwingine ameolewa, mwingine amekatazwa na kakake. Kwa aliyekatazwa, rudi Hatua ya 1 na uanze na mama yake.